Uzi Mwekundu wa Tanzuni

Usijifanye hukuona. Uliona. Siku ile yule mama aliposimama sokoni akasema maji ya bomba yananuka mzoga, ulikuwepo, na ulichosema ni kwamba mama yule anajua kuongea. Ukacheka kidogo, ukaondoka na mfuko wako wa nyanya. Na wale wanafunzi walioimba kwamba paa la darasa litawaangukia, uliwapigia makofi ukawaomba warudie kiitikio. Paa lilipoanguka ukasema, aisee, wimbo ule ulikuwa na unabii. Tunakumbuka. Wapo watu waliojaliwa kusahau, wanalala vizuri, na wapo wengine tuliobakiwa na kazi ya kukumbuka kwa niaba yao.

Kwa hiyo kaa hapo hapo, usigeuze uso, usikilize habari za Nyamizi wa Igunguli na nchi ya Tanzuni. Jina la nchi hiyo hulijui, lakini ukiingia hutahitaji kuelekezwa njia.

Nyamizi alilima vitunguu kando ya bwawa la juu, ambako maji yalizuiwa kwa tuta la udongo na mawe tangu enzi za babu zake. Asubuhi moja alipoinama kuchota maji aliona ufa kwenye tuta. Akaingiza vidole, vikapita. Akaingiza mkono, ukapita mpaka kiwiko, na huko ndani akahisi udongo unatetemeka, laini, wa baridi, mithili ya tumbo la mnyama aliye hai. Hakurudi nyumbani hata kuchukua kanga ya pili. Chini kabisa ya maji yale, mwisho wa bonde, ndiko ilikokuwa Tanzuni, na katika mtaa wa Bondeni wa Tanzuni ndiko alikoolewa dada yake Kabula, mama wa watoto wawili, wa pili bado wa mgongoni.

Alivyofika huko si hoja. Mwenye ndugu bondeni hupata miguu.

Jua la Tanzuni lilikuwa limekwama alasiri. Halikupanda wala halikuchwa. Lilikaa tu juu ya mapaa likimimina mwanga wa rangi ya samli, na watu walitembea ndani ya mwanga ule polepole, kama wanaoogopa kumwamsha mtoto. Maneno yao yalionekana. Mtu akisema, neno lilitoka mdomoni kama mvuke, likaelea usawa wa macho, na wenyeji walilitazama kwanza kabla ya kulijibu. Mengine hayakujibiwa kabisa. Yalishuka taratibu yakajikusanya mifereji­ni pamoja na maua ya mlangilangi, yakalala humo yakinukia. Nyamizi alisimama akatazama, na kwa kitambo alisahau kilichomleta. Nchi ile ilikuwa hivyo, ilimtumbuiza mtu kwanza.

Langoni alikaa Bwana Hizza, Mpokea Maneno wa nchi, mzee mnene mwenye sauti ya upole, shingoni amejitundika mafundo ya nyuzi za kila rangi. Sheria ya Tanzuni ilisema hakuna neno litakaloingia mjini kabla halijajulikana ni la utanzu gani. Aliyeleta taarifa alifungwa uzi mweupe mkononi. Aliyeleta hadithi alifungwa wa kijani, mwenye mchezo wa kuigiza wa bluu, mwenye methali wa njano, na mwenye ushairi mwekundu. Tangu hapo lolote alilosema mtu lilisikiwa kwa rangi ya uzi wake. Katikati ya mji palikuwa na mnara, na mnarani kengele, na watu wa nchi ile walikuwa wamelelewa tangu utotoni kwamba kengele ikilia wanaamka na kwenda, na isipolia hawaendi. Kengele ililia kwa ajili ya uzi mweupe peke yake.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema Nyamizi.

“Marahaba, binti. Umetuletea nini?”

“Hatari. Tuta la bwawa la juu limepasuka kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Maji yanakuja. Piga kengele watu wapande mlimani.”

Bwana Hizza alifumba macho. Alikaa hivyo, mikono tumboni, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema, “Rudia hapo kwenye kisigino.”

Nyamizi alidhani mzee ana uzito wa masikio, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akapangusa chozi. Akamweleza kwamba amekaa pale lango­ni umri wake wote akipokea maneno makavu, bei za ngano, habari za ng'ombe waliopotea, na leo, katika uzee wake, ameletewa kisigino. Huku anasema alikuwa anachomoa uzi mwekundu.

“Mzee, huo ni wa nini?”

“Ushairi, binti. Umefananisha. Ungesema tuta limepasuka ukanyamaza, ningekupa mweupe, na kengele ingekuwa inalia tunavyoongea. Lakini umelilinganisha na kisigino, na hiyo ni tashbihi, na tashbihi ni pambo. Penye pambo pana sanaa. Penye sanaa hapana haraka.”

“Basi nafuta kisigino.”

“Hakifutiki,” alisema mzee kwa huruma. “Nimeshakiona.”

Kwao Igunguli mtu hawezi hata kumkaribisha mgeni chakula bila kumfananisha na kitu. Ndivyo walivyofundishwa kuona. Nyamizi alijaribu kulieleza hilo, na kila alipolieleza uzi ulizidi kumkaza mkononi, maana maelezo yenyewe yalijaa mifano. Bwana Hizza alimwambia ipo njia moja tu: uzi ukishafungwa haufunguliwi langoni, lakini Baraza la Tanzu linaweza kuliainisha neno upya. Yeye mwenyewe angempeleka. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe. Maovu mengi ya nchi ile yalifanywa na watu wema.

Njiani Nyamizi aliona kiu. Akamwomba maji mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia maneno yaliyokauka mlangoni kwake. Mwanamke alimtazama mkono, akaegemeza ufagio, akainamisha kichwa upande, akapiga makofi kwa ncha za vidole na kuwaita majirani. Wakaja. Wakamwomba arudie.

“Nina kiu,” alisema Nyamizi.

Kijana mmoja aliguna kwa raha, akasema ni maneno mawili tu na jangwa zima limo humo. Wakabishana kidogo kama kiu ile ni ya maji au ya haki. Maji hakuleta mtu.

Bwana Hizza alimpitisha kwenye Nyumba ya Vilio, akijua atafurahi. Ilikuwa nyumba ndefu yenye kiza chepesi, na kuta zake zilipangwa chupa, na katika kila chupa kilihifadhiwa kilio kimoja, kikizunguka polepole humo ndani kama moshi wa udi. Mzee alizibua moja. Sauti ya mwanamke ikatoka ikisema visima vya upande wa mashariki vimekuwa vichungu na watoto wananyonyoka nywele. Mwanamke yule, alieleza mzee, aliyasema hayo huku akilia, kwa hiyo yaliwekwa katika mbolezi, nyimbo za maombolezo, na kila mwaka kwaya za shule huyaimba uwanjani mpaka watu wazima wanashindwa kujizuia. Baada ya kuimba watoto huona kiu, na visima vya mashariki viko karibu na uwanja.

Akazibua nyingine. Mtu mmoja aliwahi kusema walinzi wa ghala wanakula nafaka ya wote, lakini kwa kuogopa aliwaita panya, na kwa kuwa panya walisema na kuvaa kofia, ikawa hekaya ya wanyama. Watoto waliipenda. Mwenyewe aliisimulia mpaka akafa kwa njaa.

Chupa ya tatu ilikuwa na uzi mweupe shingoni, wa pekee katika nyumba nzima. Nyamizi akauliza mbona hii imepata mweupe. Ni ya kijana mmoja, alisema Bwana Hizza, aliyekuja langoni siku walipobomolewa nyumba zao akasema, “Hakika wakubwa wetu wanatupenda kupita kiasi.” Hapakuwa na tashbihi, hapakuwa na pambo, basi likapita kama taarifa. Kengele ililia, watu wakatoka wakacheza ngoma mpaka wakachoka.

“Alikuwa anawasimanga, mzee,” alisema Nyamizi. “Alisema hivi akimaanisha vile.”

“Hiyo inaitwa kinaya,” alijibu mzee. “Iko darasa la juu. Sisi wa langoni hatukufika huko.” Kisha akamwonyesha chupa tupu, imeoshwa inang'aa, ambamo kilio chake kingekaa. Nyamizi akamuuliza kama vile visima viliwahi kusafishwa. Mzee akafikiri kwa uaminifu wote, akasema swali hilo halijawahi kuulizwa humo, na ni swali zuri, ila liko nje ya matini.

Baraza la Tanzu lilikaa katika ukumbi wenye madirisha marefu, uwanda wa chini karibu na mto. Mkuu wake alikuwa Bi Hanuna, mama mrefu aliyevikwa nyuzi nyeupe kutoka kifundo cha mkono mpaka kiwikoni. Mbele yake yalikaa mabenchi manne, na kila benchi lilikuwa na imani yake kuhusu maneno, na imani hizo zilirithiwa kama mashamba. Nyamizi aliapa moyoni kwamba hatafananisha chochote na chochote. Akasema tuta limepasuka. Akaishia hapo.

Walianza Warasimi, wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi, ambao waliamini uzuri ni kufuata walivyofanya waliotangulia. Walitafuta vina wakavikosa. Walitafuta mizani wakaikosa. Wakatamka kwamba neno hili si shairi. Nyamizi alishusha pumzi. Lakini si taarifa pia, wakaendelea, kwa kuwa lilishaingia na pambo. Basi si chochote, na kwa desturi asiye na chochote hana ruhusa ya kusema.

Wakasimama Walimbwende, nywele zimetimka, macho yameshaloa. Hao waliamini kila kitu cha nje ni kivuli cha moyo. Bwawa, walisema, ni kifua cha binti huyu. Ufa ni penzi. Mmoja wao alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya kubembeleza, “Aliyekuacha ni nani?”

“Hajaniacha mtu,” alisema Nyamizi. “Sina mume na wala simtafuti.”

Wakapumua wote kwa pamoja. Kukana kwake kuliwachoma zaidi.

Benchi la tatu ndilo alilolitumainia, na hapo ndipo hadithi hii inapouma. Wahalisia walisema fasihi haina budi kuyaonyesha maisha kama yalivyo, jasho na uvundo wake. Msemaji wao, mwembamba, mwenye macho makali, alimuuliza maswali ya maana ambayo hakuna mwingine aliyemuuliza. Udongo ulikuwa wa rangi gani? Vitunguu vile ni vya nani, vyake au vya mwenye shamba? Nani alipewa kazi ya kutengeneza tuta, na akajenga nini badala yake? Nyamizi alijibu yote, na yule mtu alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, akasema haya ni makosa ya watu, si ya mvua, na hayawezi kuachwa yapite. Nyamizi alitaka kumbusu mikono. Kisha msemaji yule akaomba apewe muda aiandike riwaya yake vizuri, nene, Igunguli yote imo, kila mtu na kila kitunguu.

Akaulizwa muda gani. Akasema kazi ya namna hiyo haikimbizwi.

Benchi la mwisho walikaa Wanausasa, vijana waliovaa makoti ya ndani nje, na walichofanya ni kuikata sentensi vipande wakavirusha juu, vikaanguka kwa mpangilio mwingine. Limepasuka tuta. Tuta tuta. Walimwambia maji hayana mwanzo wala mwisho na kwamba hata yeye, akijichunguza, hayupo. Hapo uvumilivu ukamwisha Nyamizi. Aliuingiza uzi mwekundu kinywani akaukata kwa meno, akautema sakafuni.

Wanausasa wakasimama wote kumpigia makofi. Amevunja kanuni, walisema. Amevunja mbele ya kadamnasi. Bwana Hizza, kwa haya, alimwendea na kumfunga mwingine, mwekundu zaidi.

“Maji,” alisema Nyamizi. “Yanakuja. Ondokeni.”

Warasimi wakaanza kuhesabu mizani kwa vidole.

Bi Hanuna aligonga meza. Akatoa hukumu kwamba neno la mgeni ni shairi huru lenye taswira ya maji, na kwamba litafundishwa katika shule zote kuanzia muda huo huo. Halafu akashuka kwenye kiti chake, akamshika Nyamizi bega, akasema naye kwa upole, kama mama kwa mwana.

“Binti, hakuna hapa anayesema unadanganya. Usituelewe vibaya. Tunasema tu kwamba ukweli wako ni wa aina nyingine.”

“Mama, kuna aina ngapi za kuzama?”

Bi Hanuna alitabasamu, akarudia maneno hayo kimyakimya ili asiyasahau. Nje ya dirisha, maua ya mlangilangi yaliyokuwa yamelala mferejini tangu alipofika yalikuwa yameanza kutembea. Aliyeyaona ni Nyamizi peke yake. Alitoka mbio, na nyuma yake akasikia wanapendekeza kiti cha heshima kipewe jina lake.

Njia nzima ya Bondeni alisikia sauti yake mwenyewe. Ilitoka madirishani mwa shule, vinywani mwa watoto, kwa lahani nzuri ya kukariri: tuta la bwawa la juu limepasuka kama kisigino cha mkulima. Waliimba wakiwa wameketi madirishani, na miguu yao ilining'inia juu ya mto.

Dada yake Kabula alikuwa uani anamenya mihogo, mtoto mchanga, Minza, amelala mkekani pembeni. Mkononi Kabula alikuwa na uzi mweupe wa mwenye nyumba, kwa kuwa maneno ya nyumbani, njoo ule, funga mlango, mtoto ana homa, huhesabiwa kuwa taarifa. Ng'ambo ya uchochoro, kizingitini kwake, alikaa Bibi Ng'washi, kikongwe ambaye miguu ilishamsaliti zamani, anachambua maharage. Alipomwona Nyamizi alimtania kwamba amekonda, kumbe ushairi haushibishi.

Kabula alimkumbatia ndugu yake huku anacheka. Mtaa mzima unamsema yeye, alisema, na mkuu wa shule amepita kumpa hongera. Binti yake mkubwa, Sundi, akatoka ndani na kalamu sikioni.

“Shikamoo, mama mdogo. Afadhali umekuja mwenyewe. Kisigino kinawakilisha nini? Mwalimu anasema ni tabaka la chini.”

“Marahaba, mwanangu. Kinawakilisha kisigino.”

“Nikiandika hivyo nitakosa maksi.”

Nyamizi aliketi mbele ya dada yake, akauficha mkono wenye uzi chini ya paja. Akamwomba amtazame usoni. Akamweleza, bila haraka, namna mkono ulivyopita kwenye ufa na udongo ulivyotetemeka, na kwamba hakuja kwa Baraza wala kwa kiti cha heshima, amekuja kwa ajili ya hawa wawili na mama yao. Kabula aliacha kisu. Uso wake ukabadilika. Kwa muda ule mfupi ulikuwa uso wa zamani, wa msichana aliyezaliwa karibu na bwawa na kujua sauti zake. Aligeuka akautazama mto, ambao ulikuwa umepanda kidogo na kugeuka rangi ya chai. Nyamizi akamsihi aseme yeye, yeye mwenye uzi mweupe, neno moja tu mlangoni kwake. Lakini hata hilo lilikuwa na sheria: neno la kuazima hubaki na uzi wa aliyelisema kwanza.

“Mdogo wangu,” alisema Kabula mwishowe, “ingekuwa kweli, kengele ingelia.”

Akaokota kisu, akaendelea na muhogo.

Hapo Nyamizi aliacha kusema. Alielewa kwamba katika nchi ile lolote litakalotoka kinywani mwake litapigiwa makofi mpaka maji yafike shingoni. Akamnyanyua Minza mkekani, akamfunga mgongoni kwa kanga yake, vizuri, fundo mara mbili. Kabula alidhani anambembeleza. Nyamizi akatoka uani, akavuka uchochoro, na alipofika kwenye njia ya kupanda mlimani akaanza kukimbia.

Dada yake alicheka kwanza. Halafu akaita jina lake. Halafu ikatoka ile sauti ambayo hakuna mama anayefundishwa.

“Mwizi! Mwizi wa mtoto!”

Neno lilikuwa na uzi mweupe. Halikuelea. Lilitoka zito likaanguka juu ya mabati kama mawe, na Bondeni yote ikasimama. Watu ambao mto haukuwatoa vitini waliinuka kwa ajili ya mwizi. Walitoka na michi, na fagio, na ndala mkononi, mwingine na povu la sabuni kidevuni. Walimu waliacha chaki, watoto waliruka madirisha, kwa maana raha ya kumkimbiza mwizi haina utanzu, kila mtu anaijua. Sundi alikuwa mbele yao wote, analia kwa hasira. Nyamizi alikimbia mlima ule na mtoto mgongoni akisikia vishindo nyuma, na vilipopungua alijifanya anachechemea ili wasikate tamaa. Jiwe lilimpata begani. Akashukuru, wa kutupa jiwe hilo alikuwa karibu.

Msafara ulipopita juu ya ukumbi wa Baraza, wajumbe walichungulia. Wakakubaliana, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwamba ni ramsa, ile tamthilia ya kuchekesha yenye watu kufukuzana, na kwamba ina kelele. Wakafunga madirisha.

Walimkamata kileleni, ambapo njia iliisha. Kabula alimpokonya mtoto, akamzaba kofi, akanyanyua mkono amzabe la pili. Mkono ukabaki hewani. Ilikuwa sauti ya kitu kikubwa kinachoburutwa, mbali, kisha si mbali. Wote wakageuka.

Maji hayakuja kwa ghadhabu. Yalikuja mapana, ya kahawia, yametulia, yamebeba miti iliyosimama wima na mlango mmoja ukiwa bado na komeo lake, na yaliingia Tanzuni kama mwenye nyumba anayerudi. Yakapanda ngazi za shule. Yakaingia Nyumba ya Vilio, na chupa zikaibuka juu zikagongana, zikapasuka moja moja, na vilio vyote vya miaka vikatoka kwa pamoja, vikasikika mlimani kote, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga makofi. Kwenye ukumbi wa Baraza ilisikika sauti ikiomba kusema kupitia kwa mwenyekiti. Ikaomba tena. Halafu kimya. Na lile jua, lililokwama miaka nenda miaka rudi, likatikisika, likaanza kuchwa.

Ni Kabula aliyeuliza. “Bibi Ng'washi yuko wapi?”

Walitazamana. Anayefukuza mwizi hambebi kikongwe. Kengele ingelia wangembeba. Walikuwa na zamu ya kubebana, walikuwa na machela, walifundishwa. Hila ya Nyamizi iliwaokoa wenye mbio tu. Alilijua hilo alipokuwa anafunga fundo la pili, alilijua alipovuka uchochoro mbele ya miguu ya bibi yule na kutaniwa mara ya mwisho, na hakuna mtu juu ya mlima ule aliyethubutu kumwambia amefanya vizuri.

Bwana Hizza alipanda wa mwisho, ameloa mpaka kifuani, nyuzi zake zimevurugika shingoni. Alimkuta Nyamizi ameshateremka mpaka ukingo wa maji, ambako juu ya paa moja mikono ilikuwa inapunga.

“Binti,” alisema huku anahema, “hili ulilolitenda tuliite nini?”

“Nishike mguu, mzee,” alisema Nyamizi. Alikuwa ameshalala kifudifudi, amenyoosha mkono. “Shika kwa nguvu.”

Akashika.

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa na tayari umeshaanza: utanzu ni istiara, mandhari ni bonde, mhusika mkuu ni Nyamizi, dhamira ni uwajibikaji. Tunakujua. Na usidhani tunayadharau maneno hayo. Sisi wengine tuliyatafuta wenyewe kwenye vitabu vilivyochanika majalada, bila mwalimu, kwa sababu tuliambiwa hayatuhusu, na tuliyapenda kuliko ninyi mliopewa bure. Tashbihi ni nini, basi? Ni mtu aliyeona kitu anayehangaika kumwonyesha asiyekiona. Akikufananishia, ujue amekosa usingizi kwa ajili yako. Anataka ugeuke uangalie. Ukimpa alama ukakaa, umemuua, hata kama umempa zote.

Mwaka ule wa bomba tulikuandikia, ukasema barua ina lugha kali. Mwaka wa paa tuliimba. Leo tumekusimulia. Hatuna utanzu mwingine uliobaki.

Kuna mtu mtaani kwako ambaye wiki hii amesema jambo linatisha. Ulilisikia. Jina lake unalijua, na mlango wake unaujua, na ulivyompita unajua. Mwalimu akikuuliza hadithi hii inahusu nini, mwambie ainuke mwende naye. Lakini usimngoje. Acha kusoma. Vaa viatu, nenda kwa mtu huyo sasa hivi, mwambie akupeleke akuonyeshe, na mkirudi anzeni na nyumba ya asiyeweza kutembea.